Smith & Wesson Namba 1, toleo la pili: niliyoiuza kwa hasara na niliyobaki nayo

Ndani ya miezi minne nimenunua bastola mbili za aina moja. Ya kwanza nilitoa dola 180, nikaiuza kwa hasara. Ya pili nilitoa dola 425, na hiyo haitoki kwangu. Zote ni Smith & Wesson Namba 1, toleo la pili, zilizotengenezwa Springfield, Massachusetts, kati ya 1860 na 1868. Ukiziangalia kwenye picha ya simu zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Ukizishika mkononi, moja ni kitu cha kale na nyingine ni ganda la kitu cha kale.

Mimi ni fundi wa saa, hapa Columbus, Ohio. Kila siku mezani kwangu kuna saa za mfukoni za Kimarekani, na ni saa hizo zilizonifikisha kwenye bastola. Aaron Dennison, mmoja wa walioanzisha kazi ya saa za Waltham, alitembelea kiwanda cha silaha cha serikali pale Springfield mwaka 1840. Aliona vipuri vinakatwa kwa mashine vikatoka sawasawa, hiki kinaingia pale kilipokuwa kile, akaondoka na wazo la kutengeneza saa kwa namna hiyohiyo. Horace Smith, yule Smith wa Smith & Wesson, alijifunza kazi kwenye kiwanda hichohicho. Nikishika saa ya Waltham mkono huu na Namba 1 mkono huu, naona ndugu wawili waliolelewa nyumba moja. Skrubu zao zina tabia moja. Hata namna chuma kinavyokutana na shaba pasipo kuacha nafasi ya kupitisha ukucha ni ileile.

Kabla sijaendelea: mimi sifyatui hizi bastola, na sitaki anayenisoma afyatue. Nitaeleza sababu mbele.

Kwanza, jinsi ilivyo. Ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Toka mdomo wa mtutu hadi mwisho wa kitako ni kama inchi 7, na mtutu peke yake unazidi kidogo inchi 3. Ukiiweka kwenye kiganja, vidole viwili vinatosha kushika kitako, kidole kidogo kinabaki nje. Mtutu una pembe nane. Mwili ni wa shaba ya manjano iliyopakwa fedha, ubavu wake ni bapa, na juu ya kitako kuna vipande viwili vya mbao ngumu ya hudhurungi iliyopakwa vanishi. Silinda ni laini, haina mifereji, ina matundu saba. Trigga haina kikingio chochote. Imechomoza kwenye ala yake ya chuma kama ncha ya ulimi.

Kinachonifanya niitoe kabatini kila Jumamosi ni namna inavyofunguka. Navuta nyundo nusu, nabonyeza kishikizo kidogo kilicho chini ya mtutu, na mtutu wote unanyanyuka juu kwenye bawaba, kama mfuniko wa kisanduku. Silinda inateleza yenyewe kiganjani. Chini ya mtutu kuna msumari uliosimama hapohapo daima, nao ndio wa kusukumia maganda matupu: unachukua silinda, unalichomeka tundu kwenye msumari, ganda linatoka, tundu la pili, ganda linatoka, hivyo hadi saba. Kisha unajaza, unarudisha silinda, unashusha mtutu, unasikia kishikizo kikishika. Ni kazi ya taratibu. Mtu aliyekuwa na haraka mwaka 1862 alikuwa na risasi saba tu, basi.

Juu ya mwili, mbele ya nyundo, kuna kijibati chembamba chenye springi. Hicho ndicho kinachoingia kwenye mikato ya silinda na kuizuia isizunguke. Nyundo ikirudi nyuma inakinyanyua, silinda inahama hatua moja, kinashuka, kinashika. Kwenye bastola nzima unausikia mlio huo mmoja mkavu, usio na mwangwi, kama saa nzuri inapoanza kutembea baada ya kusafishwa. Kwenye ile bastola yangu ya kwanza mlio huo haukuwepo. Silinda ilisimama, lakini ukiigusa kwa kidole ilitikisika kulia na kushoto.

Niieleze sasa hiyo ya kwanza, maana pesa yangu iliingia pale, na wengi wanaingia palepale.

Niliinunua kwenye duka la vitu vya kale kando ya barabara kuu, nje kidogo ya mji. Jina la duka naliacha. Ilikuwa kwenye kabati la kioo, chini ya taa, inang'aa kama kijiko kipya. Muuzaji aliniambia haijaguswa tangu enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Niliamini kwa sababu ilipendeza, nikalipa, nikaenda nyumbani.

Mezani niliiweka chini ya lenzi ninayotumia kwenye saa, na dakika mbili zikatosha. Pembe nane za mtutu zilikuwa zimelainika kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki nzima. Maneno ya juu ya mtutu, jina la kampuni na Springfield, yalikuwa na kina upande mmoja na upande mwingine yameyeyuka. Halafu nikaona vishimo vya kutu, na ndani ya vishimo mna nikeli. Kutu haiwezi kuchimba shimo halafu nikeli ya kiwandani ikashuka yenyewe kujaza chini yake. Maana yake bastola ilishika kutu kwanza, ikasuguliwa kwa gurudumu, ndipo ikapakwa upya, pengine miaka mia baada ya kutoka Springfield. Nyundo nayo ilikuwa imepakwa nikeli, na kiwandani nyundo hazikupakwa; ziliachwa na rangi yake ya chuma kilichokomazwa kwa moto. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimechanika kwa bisibisi isiyo saizi yake.

Niligeuza silinda nikakuta jambo lingine. Kwenye kingo za matundu, upande wa nyuma, kulikuwa na alama za kugongwa, moja kwa kila tundu. Risasi za aina hii baruti yake ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda, si katikati, kwa hiyo nyundo hugonga pembeni. Bastola ikiwa tupu na mtu akachezea trigga, nyundo inagonga chuma cha silinda yenyewe. Vizazi kadhaa vya watoto na wajomba walikuwa wameichezea hivyo.

Nilipiga simu dukani. Jibu lilikuwa kwamba mali ikishauzwa hairudi. Niliiuza kwa dola 110 kwa mtu aliyetaka kuitundika ukutani, na nilimweleza kila kitu nilichokiandika hapa kabla hajatoa hela. Ule uongo wa "haijaguswa" bado unaniuma kuliko dola 70 nilizopoteza, kwa sababu muuzaji yule ana lenzi, niliiona mezani kwake.

Ya pili niliipata kwenye maonyesho ya silaha za kale, hapahapa Ohio, kwenye meza ya mzee mmoja aliyekuwa na bastola sita tu na kitambaa cha kijani. Nilipita mara mbili bila kuiona, maana haing'ai kabisa. Mtutu umekuwa wa kahawia iliyokolea, ile rangi ya buluu ya mwanzo imebaki karibu na bawaba tu, mahali ambapo vidole havifiki. Fedha ya mwili imekwisha kwenye matuta, shaba inaonekana, lakini kwenye pembe na pembeni mwa skrubu fedha ipo bado, imekuwa nyeusi kama sarafu iliyolala ardhini. Mbao za kitako zina vanishi yake.

"Naweza kuishika?" nilimuuliza.

"Shika. Ila nyundo usiiachie ijipige."

Nilitoa lenzi. Yeye akatabasamu, akavuta kiti. Maneno ya mtutu yalikuwa na kingo kali, ukipitisha ukucha unakwama. Nikafungua, nikachukua silinda, nikaizungusha pole pole mwangani. Ubavuni mwake kumeandikwa tarehe tatu za hataza, yaani haki ya mvumbuzi inayozuia wengine kuiga: Aprili 3, 1855, Julai 5, 1859, Desemba 18, 1860. Zote zinasomeka bila shida. Alama za nyundo kwenye kingo za matundu ni mbili tu kati ya saba. Nikairudisha, nikavuta nyundo, nikasikia ule mlio.

"Mzee, mbona hukuisafisha?"

"Nimeisafisha. Mafuta na kitambaa. Anayetaka ing'ae akanunue mpya."

Alitaka dola 450, tukakubaliana 425. Katika bastola za mfukoni za Kimarekani za karne ya 19, sasa nalipia kingo na herufi. Rangi iliyochakaa kwa kuguswa na mikono ya watu haipunguzi kitu machoni pangu, lakini herufi iliyosuguliwa hairudi kamwe.

Na zile tarehe tatu ndizo zinazonishikilia zaidi, hasa ya kwanza. Jina lililo juu ya mtutu ni Smith & Wesson, lakini Aprili 3, 1855 si tarehe yao. Ni ya Rollin White, mtu ambaye jina lake halimo popote kwenye bastola. White ndiye aliyekuwa na hataza ya silinda yenye matundu yaliyotobolewa moja kwa moja, mbele hadi nyuma, ili ganda la risasi liingizwe kwa nyuma. Leo linaonekana jambo dogo kama kutoboa bomba. Wakati ule rivolva (bastola za silinda inayozunguka) za kampuni ya Colt zilipakiwa kwa mbele: baruti, kisha risasi ya duara, kisha fataki, kikofia kidogo cha kuwashia baruti, moja moja nyuma ya kila tundu.

Hataza ya Colt ya rivolva, ya mwaka 1836, iliongezewa muda na ikaisha 1857. Smith na Wesson walikuwa wamejiandaa. Walikuwa wamekubaliana na White kumlipa senti 25 kwa kila bastola, na mwaka huohuo wa 1857 Namba 1 ya kwanza ikatoka. Lakini katika mapatano hayo kulikuwa na kifungu kizito: gharama za kuilinda hataza mahakamani zilikuwa juu ya White mwenyewe. Watu waliiga, na White akawashitaki, mmoja baada ya mwingine. Alishinda, na ndiyo maana leo ukikuta bastola za Lucius Pond wa Worcester au za Moore wa Brooklyn, baadhi zimepigwa muhuri kwamba zimetengenezwa kwa ajili ya Smith & Wesson. Ushindi wake uliandikwa kwa jina la wengine. Hataza iliisha 1869. Bunge lilipopitisha muswada wa kumsaidia apate kuomba aongezewe muda, Rais Ulysses Grant aliukataa Januari 1870.

Kwa hiyo nikiwasha taa ya mezani na kusoma "April 3, 1855", nasoma juu ya mtu aliyepata senti 25 kwa kila silinda na kuzitumia nyingi kulipia mawakili. Kwenye ile bastola ya kwanza tarehe hiyo ilikuwa imesuguliwa hadi nusu. Hilo ndilo linalonikasirisha kwa wanaozipeleka kwenye gurudumu la kung'arishia: wanafuta sehemu pekee iliyobaki ya Rollin White kwenye kitu alichokiwezesha.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861, wanajeshi walizinunua kwa hela zao wenyewe, wakazitia mfukoni. Jeshi halikuzigawa. Na sidhani kama ziliwasaidia sana, kwa sababu risasi ya .22 fupi ya wakati ule ilikuwa na uzito usiofika gramu 2, ikisukumwa na kama robo gramu ya baruti nyeusi. Ilikuwa ni kitu cha kumpa mtu moyo usiku, mbali na kwao. Lakini ilikuwa kavu, ndani ya ganda lake, haiogopi mvua, na ganda hilo lilikuwa jambo jipya kwa mtu aliyezoea baruti ya kumimina.

Ganda hilohilo ndilo hatari ya leo. Risasi ya .22 fupi, iliyozaliwa pamoja na bastola hii mwaka 1857, bado inatengenezwa. Inaingia kwenye tundu vizuri kabisa, na ndipo mtu anaposhawishika. Risasi za siku hizi zimetengenezewa chuma cha siku hizi. Mwili wa toleo la pili ni wa shaba, bawaba ni ndogo kama ya saa, na kishikizo kimeshikilia kwa zaidi ya miaka 150. Usijaribu. Na hata kama huna nia ya kufyatua, kitu cha kwanza ukishika yoyote ni kufungua na kutazama matundu yote saba. Kwenye maonyesho nimeona mtu akitoa ganda lenye risasi ndani ya bastola iliyokuwa imekaa sebuleni kwao miaka yote.

Kwa uaminifu, bidhaa hii ina udhaifu wake tangu ilipotoka kiwandani. Kile kijibati cha juu ni chembamba mno. Kikipoteza nguvu, silinda inayumba na bastola haina maana tena. Bawaba inalegea, na mtutu uliolegea hurukaruka ukiutikisa. Kabla hujalipa, funga bastola, shika kitako, na ujaribu kuuchezesha mtutu juu na chini kwa vidole viwili. Mchezo kidogo ni wa kawaida. Ukisikia inagonga, iache. Tena nyundo ikilala juu ya risasi, imelala juu ya ukingo wenye kilipuzi, na bastola ikianguka inaweza kulia yenyewe. Wenye busara waliacha tundu moja tupu.

Nimeshika pia Colt ya mfukoni ya 1849, kwenye meza ya pili ya maonyesho yaleyale. Hiyo ndiyo iliyotengenezwa kwa wingi kuliko rivolva nyingine yoyote ya Colt ya fataki, zaidi ya 300,000 hadi 1873, ya kipimo cha .31. Inakaa mkononi vizuri zaidi kuliko Namba 1, sikatai. Kwenye silinda yake kulichorwa gari la abiria la farasi likivamiwa na majambazi, kazi ya mchongaji Ormsby, na bei inapanda au kushuka kwa kiasi cha farasi wanaoonekana. Kwenye niliyoishika farasi walikuwa wamebaki miguu tu. Namba zake za mfululizo zinapigwa sehemu nyingi, mtutu, mwili, kikingio cha trigga, uti wa kitako, nazo lazima zilingane. Zisipolingana, umeuziwa bastola mbili kwa bei ya moja. Nitainunua siku moja, nikipata yenye farasi.

Zile za bei ya chini zilizofurika baada ya hataza ya White kuisha, zenye majina kama Swamp Angel na Tramps Terror, nimezitazama na kuzirudisha. Zilitengenezwa ziuzwe upesi, na ukifungua ubavu wake unaona hivyo.

Upande wa sheria, kwa sheria ya taifa ya 1968 silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla yake huhesabiwa kitu cha kale, na hainunuliwi kwa masharti ya bastola za leo. Majimbo yana sheria zao, na mengine ni makali, kwa hiyo uliza jimboni kwako kabla ya kutoa hela, wala usimtegemee muuzaji akujibie. Namba ya mfululizo iko chini ya kitako. Wakfu wa kihistoria wa Smith & Wesson hutoa barua kutoka kwenye kumbukumbu za kiwanda kwa anayeomba na kulipa ada; mimi nimeshaomba ya kwangu, nasubiri.

Matunzo ni machache. Mafuta mepesi, kitambaa laini cha pamba, nta nyembamba ya wahifadhi mara moja kwa mwaka. Haikai kwenye ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kuusukuma kwenye chuma, na kutu huanza kwa ndani usipopaona. Skrubu sizifungui bila sababu. Nilipofungua ubavu mara moja kutazama springi, nilichonga bisibisi kwanza ikae kwenye mfereji wa skrubu bila kucheza, nikafunga zaidi ya saa moja baadaye bila kuacha mkwaruzo. Ndani mlikuwa na grisi nyeusi ngumu kama lami, na chini yake alama za tupa ya mtu aliyemalizia ile springi kwa mkono, mistari sita myembamba, yote imeelekea upande mmoja. Nimeiacha kama nilivyoikuta.

Toleo la pili la mwanzo kabisa lina tarehe mbili tu kwenye silinda. Ile ya Desemba 1860 iliongezwa baadaye. Hilo sijalishika bado. Kama unalo na herufi zake hazijasuguliwa, nionyeshe picha ya silinda, kwa mwanga wa pembeni, hata kama huiuzi.